Tembe Chini ya Mwavuli

Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara, safari ya kilomita chache tu, unapita nyumba nyingi mpya za ule mtindo ambao mafundi wanauita kontempo: kuta zimepandishwa mpaka zikalificha paa, umbo la boksi, rangi nyeupe na kijivu, vioo vipana mbele. Ukifika Kwihara unakutana na boksi jingine, jekundu, la udongo. Hilo ndilo tembe lililogeuzwa makumbusho. Henry Stanley na David Livingstone waliingia hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti 25.

Mtu akikuonyesha picha za majengo hayo mawili kwa mbali, bila rangi, utadhani ni ndugu. Yote ni ya pembe nne, yote yana kuta zinazokatika juu kama zimepigwa rula. Sasa ingia ndani saa tisa alasiri, mwezi wa Oktoba. Kwenye tembe ubaridi unakupokea mlangoni. Kwenye kontempo mwenye nyumba anakupokea kwa kukuomba radhi na kukusogezea feni.

Undugu wao uko kwenye sura tu. Na hapo ndipo mazungumzo mengi ya "jengo la kijani lenye asili ya kwetu", yaani jengo lisilopoteza nishati, yanapopotea njia. Mtu anachora nyumba yenye paa la duara kama msonge, anapaka kuta rangi ya udongo, anapachika mlango wa nakshi, kisha anafunga kiyoyozi kila chumba. Tembe na msonge vilikuwa majibu ya swali. Ukinakili jibu bila kulijua swali, utafeli mtihani hata kama mwandiko wako ni mzuri.

Swali lenyewe lilikuwa hili: jua linapiga wapi, saa ngapi, na wewe unataka kukaa wapi saa hizo?

Tuanze na jua. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na Kigoma vilevile. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana linasimama utosini kabisa. Ile ya Oktoba ndiyo inayoumiza, kwa sababu inakuja mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, anga likiwa jeupe. Siku kama hizo joto la mchana Tabora hukaribia nyuzi 32 au 33. Jua likiwa utosini, kuta za kaskazini na kusini hazipati kitu. Paa ndilo linalobeba mzigo wote.

Mzigo huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Jua la saa sita, anga likiwa safi, hushusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina paa la mita za mraba 80 hata kabla hujahesabu upenu. Hizo ni wati 80,000. Pasi ya umeme ya kawaida inakula kama wati 1,000. Kwa hiyo saa sita ya Oktoba ni kama mtu amekupangia pasi 80 za moto juu ya nyumba, akaziwasha zote kwa pamoja, akaenda zake.

Chini ya pasi hizo tumeweka nini? Bati lenye unene usiofika nusu milimita.

Bati jipya lina kioja chake. Linang'aa, na kweli linarudisha sehemu kubwa ya mwanga. Lakini joto lile dogo linalofanikiwa kuingia halitoki kirahisi, kwa sababu chuma king'aacho ni kibahili wa kutoa mionzi ya joto. Ndiyo maana ukiligusa unaungua ingawa "linarudisha jua". Likishachakaa na kushika kutu linapoteza hata ule mng'ao. Rangi nyeupe ina sifa mbili kwa pamoja: inarudisha robo tatu hivi ya mwanga ikiwa safi, na kile kidogo inachokinyonya inakiachia angani upesi. Bati la msauzi la rangi ya kahawia iliyoiva au kijivu cha mkaa, ambalo ndilo fasheni sasa, linanyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Nimeshawahi kubishana na fundi juu ya hili mpaka chai ikapoa. Hoja yake ilikuwa kwamba bati jeupe linaonyesha vumbi. Ni kweli, linaonyesha.

Sasa turudi kwenye tembe. Juu ya kuta zake wajenzi walilaza boriti, juu ya boriti fito na matawi, na juu yake udongo wa kutosha, ukashindiliwa. Pasi 80 zinawaka juu yake vilevile, lakini joto linalazimika kusafiri ndani ya udongo ule punje kwa punje, na udongo ni mzito, unakula joto jingi kabla haujapanda nyuzi hata moja. Mpaka joto lifike upande wa ndani, jua limeshazama.

Kuna kosa dogo hapa ambalo watu wengi hulirudia, hata wasomi. Husemwa kwamba nyumba ya udongo hupoa kama mtungi. Hapana. Mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho: maji yanapenya kwenye udongo wake, yanakauka nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Ukuta wa nyumba hautoi jasho, na ukitoa ujue una tatizo la unyevu. Ukuta unachofanya ni kuchelewesha. Hauliondoi joto, unaliambia lisubiri.

Kuchelewesha huko kunapimika. Ukuta wa tofali mbichi za udongo wenye unene wa sentimita 25 huchelewesha joto kwa saa 9 hivi. Udongo ulioshindiliwa wa unene huohuo hufika saa 10. Zege hufika saa 7. Ukuta wetu wa kila siku wa tofali za nchi sita ni saa 4 hivi, ikiwa tofali ni nzima ndani.

Wanaouimba udongo kama dawa ya kila kitu huishia kwenye hesabu hiyo, na wanaacha nusu ya hadithi. Joto lililocheleweshwa litafika. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua kali saa kumi jioni. Ongeza saa 9: saa saba usiku. Ukiweka kitanda chako kwenye ukuta huo, utaamka katikati ya usiku shuka limelowa, nje kukiwa na baridi, ndani ukuta unakupumulia mgongoni jua la jana. Ukuta wa mashariki unapigwa saa tatu asubuhi, unatoa joto lake saa kumi na mbili jioni, na ukifika muda wa kulala umeshamaliza. Kwa hiyo chumba cha kulala kiende mashariki. Magharibi weka stoo, bafu, jiko, ngazi, kitu chochote ambacho hakilali.

Niliwahi kulala kwenye chumba cha magharibi miaka miwili, chumba cha tofali nene za kuchoma, chenye dirisha moja. Nililaumu bati, nikalaumu dari, nikalaumu mtaa. Ukuta ulikuwa umeninyamazia tu.

Sharti la pili la ukuta mzito ni kwamba usiku lazima umwagwe. Tabora ina bahati. Iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Oktoba joto hushuka mpaka karibu nyuzi 19. Hewa hiyo ya usiku ikiruhusiwa kupita ndani, inauosha ukuta joto lake, na asubuhi unaanza siku na ukuta mtupu ulio tayari kubeba tena. Isiporuhusiwa, ukuta unaanza siku ukiwa na deni la jana, kesho unaongeza juu yake. Baada ya wiki una tanuri. Na ndivyo tunavyoishi, kwa sababu mbili za haki kabisa: wezi na mbu. Tunafunga madirisha giza likiingia. Kwa hiyo tundu la usiku linapaswa kuwa tundu ambalo halifungwi: tofali za maua juu ya lenta, karibu na dari, zenye wavu wa mbu uliobanwa vizuri kwa fremu inayofunguka ili usafishwe. Wavu ulioziba vumbi haupitishi upepo, na hakuna anayeusafisha kama kuufungua ni kazi ya bisibisi.

Wazee wa msonge walikuwa na tundu la namna hiyo, pale ukuta na paa vinapokutana. Lilitoa moshi, likaingiza hewa, na likawakaribisha mbu wote wa kijiji. Hatuwezi kulirudisha kama lilivyokuwa. Leo inajulikana wazi kwamba mbu wa malaria hupenda kuingilia hapohapo chini ya upenu.

Msonge wenyewe ulikuwa na falsafa nyingine kabisa, na inashangaza kwamba Wanyamwezi walikuwa na zote mbili katika nchi moja. Tembe linategemea uzito. Msonge unategemea wepesi. Nyasi zikipangwa kwa unene wa mkono, hewa inanaswa kati ya mabua maelfu kwa maelfu, na hewa iliyonaswa haipitishi joto. Nyasi kavu hupitisha joto polepole mara kadhaa kuliko udongo, na kulinganisha na bati ni kuonea. Paa la msonge haliliambii joto lisubiri. Linalifungia mlango.

Umbo la duara nalo lina hesabu yake. Duara la mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta lina eneo la mita za mraba 28 na ukuta wenye urefu wa chini kidogo ya mita 19. Chumba cha mraba chenye eneo hilohilo kinataka ukuta wa zaidi ya mita 21. Ukuta mchache maana yake ni udongo mchache, kazi chache, na mahali pachache pa jua kupiga. Nakubali, kabati halikai vizuri kwenye duara, na kitanda cha futi sita kwa sita kinaacha pembe za ajabu. Sitamshauri mtu wa Isevya, Tabora mjini, mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 ajenge msonge. Nyasi zinaungua, mchwa wanazipenda, moshi wa jikoni uliokuwa ukiwafukuza wadudu umehamia kwenye jiko la gesi, na nyasi ndefu nzuri sasa unazifuata mbali. Watu waliuacha msonge kwa sababu zinazoeleweka. Walichopaswa kuchukua wakati wa kuhama ni lile wazo: kati ya jua na kichwa cha mtu weka kitu chenye hewa iliyonaswa. Hata dari ya jipsam peke yake haitoshi, kwa sababu ule uwazi kati ya dari na bati, kama hauna matundu ya kupumulia, unageuka chungu kilichofunikwa.

Halafu kuna mgeni wa tatu, ambaye amekaa kwetu mpaka akawa mwenyeji: nyumba ya Kiswahili. Ile ya vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, baraza mbele. Ilipanda na misafara kutoka pwani, ikajaa Ng'ambo ya Tabora na Ujiji. Haitegemei uzito wala wepesi. Inategemea upepo. Korido ni bomba: fungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo unapita moja kwa moja, na vyumba vinavutwa hewa kupitia milango yao. Baraza nayo inaukinga ukuta wa mbele na jua, na inampa bibi mahali pa kuchambua mchele bila kukosa habari za mtaa.

Basi tunazo njia tatu: chelewesha, funga, pitisha. Ipi ichaguliwe inategemea mahali, na hapa Tabora na Kigoma zinaachana.

Tabora hewa ni kavu kiangazi, na tofauti ya mchana na usiku ni kubwa. Kuchelewesha kunalipa. Kigoma iko chini zaidi, mita 770 na kitu, imekumbatiwa na Ziwa Tanganyika, na maji yale mengi hayaruhusu usiku upoe sana wala mchana upande sana. Tofauti ikipungua, ukuta mnene unapungukiwa kazi, maana hakuna usiku wa baridi wa kutosha kuumwaga. Na hewa ikiwa na unyevu, kinachompoza mtu ni upepo unaopita kwenye ngozi na kukausha jasho. Kwa hiyo Mwanga au Bangwe, mitaa ya Kigoma, ningeanza na upepo.

Ila Kigoma ina mtego wake. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Ziwa liko magharibi. Jua baya la jioni liko magharibi. Upande unaotaka kuufungua ndio huohuo unaotaka kuufunga! Kila mwenye kiwanja kinachotazama ziwa amekutana na jambo hili, na wengi wamelitatua kwa kioo kikubwa cha kutazamia machweo pamoja na pazia zito la kuyazuia. Jibu la wajenzi wa zamani lilikuwa baraza pana: upepo unapita chini ya kivuli, jua linagota kwenye paa la baraza. Jua likishuka sana, baraza haitoshi, unahitaji kitu cha kusimama wima mbele yake, ukuta wa tofali za maua au mbao za luva, ambao upepo unapenya na jua haliwezi.

Kaskazini na kusini ni rahisi zaidi, na hesabu yake inafaa kila fundi aijue. Mwezi wa Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, limeinama nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Upenu wa mita 1 kwa wakati huo unakinga karibu mita 1 na sentimita 85 za ukuta chini yake. Desemba jua limehamia kusini, limeinama nyuzi 18 tu, na upenu huohuo unakinga mita 3 nzima. Maana yake ni kwamba nyumba ikilazwa urefu wake mashariki hadi magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, upenu wa sentimita 90 unayatosha madirisha ya pande hizo saa za jua kali, mwaka mzima, bila pazia. Na upenu huohuo unaikinga plasta na mvua. Na hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho kontempo imekifuta. Imeficha paa, ikafuta upenu, ikabakiza ukuta uchi na kioo uchi, kisha ikatengeneza mtaro wa bati nyuma ya ukuta ambao majani yakiziba unavuja sebuleni. Tembe lilikuwa na udongo juu. Hii ina bati lilelile la wengine, isipokuwa halionekani.

Je, turudishe paa la udongo? Hapana, na nina sababu ya mvua. Paa bapa la udongo lina raha yake Ugogoni, ambako mvua ni chache. Tabora hupata milimita 900 na zaidi kwa mwaka, nyingi zikishuka kati ya Novemba na Aprili, na paa la udongo lazima likarabatiwe kila msimu. Mchwa nao wanapanda kwenye boriti kwa siri. Mwenye tembe zamani alikuwa na ndugu wa kumsaidia kukarabati. Wewe una ruhusa ya siku tano.

Jibu lililonivutia kuliko yote limetoka Gando, kijiji cha Burkina Faso. Mzaliwa wa hapo, mbunifu majengo Francis Kéré, alikamilisha shule ya msingi ya kijiji mwaka 2001. Kuta ni tofali za udongo zilizochanganywa na saruji kidogo. Dari pia ni ya tofali za udongo, zimepangwa zikaacha nafasi za hewa. Kisha juu ya dari, kwa umbali wa kutosha, akalisimamisha bati kwenye kenchi alizozichomelea kwa nondo nyembamba, likatokeza nje mbali kuliko kuta. Bati linapata moto, lakini halijagusana na chumba. Upepo unapita kati ya bati na dari na kuondoka na joto, huku hewa ya moto ya darasani ikipanda na kutokea kwenye nafasi za dari. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Litazame kwa macho ya Tabora. Dari zito la udongo ni tembe. Bati lililoinuliwa ni mwavuli. Mvua inakingwa na mwavuli, joto linabebwa na upepo, kinachobaki kinacheleweshwa na udongo ambao haulowi kamwe. Kila kimoja kinafanya kazi kinayoiweza.

Kwa nyumba ya kawaida huhitaji kenchi za nondo. Unaweza kulipandisha paa kozi mbili za tofali juu ya mtambaapanya, ile boriti inayolala juu ya ukuta, ukaacha matundu yenye wavu pande mbili zinazotazamana ili uwazi wa juu upumue, ukapaka bati rangi nyeupe, na juu ya dari ya mbao ukatandaza kitu chenye hewa ndani yake. Kwa kiangazi cha Tabora, ambapo upepo mwingi hutoka mashariki na kusini mashariki, tundu la kuingilia liwe upande huo na la kutokea upande wa pili, juu zaidi, maana hewa ya moto hutafuta juu. Na madirisha, tafadhali: yale ya alumini ya kusukuma huachia nusu tu ya uwazi wake hata ukiyafungua yote. Umelipia dirisha zima, umepata upepo wa nusu dirisha. La bawaba linafunguka lote.

Hapo tumezungumzia nishati ya kupoza. Kuna nishati nyingine iliyokwisha kutumika kabla hujahamia, ile iliyomo ndani ya tofali. Tanuri la tofali za kuchoma linakula kuni, na kuni za Tabora ni miombo: mitundu, miyombo, wakati mwingine hata mninga wa kupasua mbao. Msitu huohuo tayari unakausha tumbaku. Saruji nayo haijitakasi. Huanzia kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450, na kwa dunia nzima inahesabiwa kuwa chanzo cha karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mtu hawezi kujenga bila saruji siku hizi, lakini anaweza kuitumia kama chumvi, asiifanye unga.

Hapo ndipo tofali la udongo na saruji linapoingia, lile la kufungamana linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukauka bila moto. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao mafundi wanaujua kwa herufi NHBRA, umekuwa ukilitangaza kwa miaka mingi. Saruji yake huwa kati ya asilimia 5 na 10 tu. Likishatoka kwenye mashine limwagiliwe na kufunikwa wiki moja angalau. Tofali nyingi zinazolaumiwa kuwa "mbovu" ziliachwa juani siku ya kwanza.

Udongo wenyewe upimwe kabla ya kukodi mashine, na kipimo ni cha bure. Chukua chupa angavu, jaza theluthi moja udongo uliochimbwa chini ya ule wa juu wenye mizizi, ongeza maji, tikisa sana, iache ilale. Asubuhi utaona tabaka: mchanga chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu, na mfinyanzi upo kidogo, uko pazuri. Udongo mwekundu wa miinukoni mara nyingi unafaulu. Ule mweusi wa mbugani usiuguse: unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka, na utapasuka na ukuta wako. Udongo wa kichuguu ni hadithi nyingine. Mabibi zetu waliupendea sakafu kwa sababu mchwa wameshauchagua na kuugandisha. Kwa tofali, uchanganye na mchanga, peke yake una mfinyanzi mwingi.

Kwa kuwa tumekitaja kichuguu: kuna jengo mashuhuri la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, ambalo husimuliwa kwamba linajipoza kama kichuguu. Linatumia zege zito na hewa ya usiku, na linaokoa umeme mwingi kweli. Lakini lina feni za kusukuma hewa hiyo, jambo ambalo simulizi hulisahau. Na watafiti waliochunguza vichuguu baadaye walikuta kwamba kichuguu ni pafu zaidi kuliko kiyoyozi: kinabadilishana hewa, wakati ubaridi wa chini hutokana na ardhi yenyewe. Pearce alikosea biolojia kidogo akapata jengo zuri. Inatokea.

Kuhusu bili, nitasema kwa ufupi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 inakula yuniti 0.6 za LUKU. Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000 kikifanya kazi bila kupumzika saa hizo kinakula yuniti 10. Kwenye nyumba iliyotulia hupumzika, kwenye nyumba ya pasi 80 hakipumziki. Upenu, rangi nyeupe na matundu ya paa hulipiwa mara moja.

Kama fedha ni chache, na huwa chache, mimi ningezitumia kwa mfuatano huu: kwanza mwelekeo wa nyumba kwenye kiwanja, kwa sababu hauongezi gharama na haurekebishiki; pili paa; tatu kivuli cha magharibi; kuta za mwisho. Wengi huanza na kuta kwa kuwa ndizo zinazoonekana barabarani. Najua pia kwamba viwanja vingine vimepimwa kiasi kwamba barabara iko magharibi na hakuna jinsi, sebule itatazama huko.

Kwa hao, na kwa mtu wa Kigoma anayetazama ziwa, kuna kitu ambacho Tabora imekuwa nacho tangu enzi za misafara, wakati miembe ilipopandwa njiani kutoka pwani hadi Ujiji. Mwembe una kivuli kizito, haupukutishi majani wakati wa kiangazi, na jani lake linapoza hewa kwa jasho, kama mtungi, safari hii kweli. Unahitaji miaka kadhaa kabla haujafika dirishani. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuonyeshwa kiwanja, kabla ya mchanga na kokoto, kabla fundi hajafunga kamba za msingi, nenda upande wa magharibi, hesabu hatua nane kutoka utakaposimama ukuta, na uchimbe shimo.